Sauti Kutoka Ndegeni

Maadui wote niliowaandika nilipokuwa kijana walikuwa na chongo. Sijui nani alinidanganya kwamba jicho moja ni ushahidi wa roho mbaya, maana mjomba aliyenilea hapa Mtwara, mtaa wa Magomeni, alikuwa na chongo na hakuwahi kumdhuru hata kuku wa jirani. Lakini ndivyo nilivyoandika. Jasusi wangu alikuwa na chongo, alivaa koti jeusi katika joto hili la Mtwara, na alicheka sana kabla hajafanya lolote. Kila mtu jukwaani alishindwa kumgundua, ingawa hata mtoto wa kubebwa mgongoni angemwonyesha kwa kidole.

Mchana nilikuwa nachambua korosho ghalani, jioni nilikuwa mwandishi wa michezo ya kuigiza wa kikundi chetu cha mtaa wa Rahaleo. Cheo hicho nilijipa mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Miaka ya tisini yote tulicheza ukimwi, vyoo na chanjo. Nilikuwa nimechoka kufa. Nani anataka kukumbukwa kwa kuandika mazungumzo ya mtu na choo chake? Basi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kijiji kimoja karibu na Kilambo kilipotuita tukacheze kwenye sherehe ya kuwatoa vijana jandoni, na kikatuambia tuchague wenyewe cha kucheza, nilisema safari hii nacheza vita vya ng'ambo.

Ng'ambo ni upande wa pili wa Ruvuma. Sisi tuliozaliwa huku wakati Wareno wakiwa bado kule tulinyonya habari za vita hivyo pamoja na maziwa. Na katika habari zote, niliyoipenda ilikuwa ya ndege. Mama alinisimulia kwamba ilikuwa ndege ndogo, iliyokwenda polepole juu ya mto na misitu ya ng'ambo, imefungwa vipaza sauti, na ndani yake mtu anaongea Kimakonde. Anawaita watu waliojificha msituni na wapigania uhuru: tokeni, njooni kwetu. Upepo ukivuma kuja huku, hata watu wa upande wetu walimsikia. Ndege hiyo hiyo ilimwaga makaratasi yenye picha za watu wanaokula. Wazee wetu waliyaokota yakipeperuka kuja huku, wakasokotea tumbaku.

Huyo mtu wa ndegeni ndiye niliyemtaka awe adui wangu. Mtu mwenyewe alikuwepo kweli, watu walimsikia kwa masikio yao, kwa hiyo nikaona kazi imekwisha. Nikampa chongo, nikampa kicheko, nikampa maneno: "Tokeni, mbwa nyie, la sivyo tutawateketeza!" Sehemu hiyo ilichezwa na fundi baiskeli wetu, Mmakua mmoja mpole mwenye kifua kikubwa, kwa kipaza sauti cha mkononi tulichoazima ofisi ya kata. Alibweka mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba.

Uwanja tuliofanyia mazoezi ulikuwa nyuma ya ofisi hiyo, na njia ya kwenda msikitini ilipita kando ya uzio wake. Kila jioni muadhini wa Magomeni alipita pale akienda kuadhini magharibi. Lazima nimweleze mzee huyu. Alikuwa mtu wa ng'ambo aliyehamia kwetu vita vilipokwisha, akaoa, mke akafa, hakubahatika kupata mtoto. Alikuwa mwembamba, kanzu yake moja imefuliwa mpaka ikapoteza rangi. Mali yake yote hapa duniani ilikuwa chumba nyuma ya msikiti alichopewa akae bure, na adhana. Na adhana yake, jamani! Wachuuzi wa sokoni walikuwa wakisimamisha mizani. Mimi mvivu wa alfajiri nilikuwa naamka kwa ajili ya sauti ile, si kwa ajili ya kingine, Mungu anisamehe.

Alikuwa na ukaidi mmoja tu. Familia ya wafanyabiashara wa Kihindi wa Mikindani iliutolea msikiti ule kipaza sauti kizima, na pembe zake juu ya mnara. Mzee alikigusa siku ya kwanza, akakizima, akatoka nje kwenye ngazi na kuadhini kwa mdomo mtupu kama zamani. Kamati ya msikiti ilimwomba, ikamnunia, ikamtumia watu. Jibu lake lilikuwa moja, "Koo langu bado zima." Mwishowe wakamwacha, kwa kuwa kweli lilikuwa zima.

Jioni moja alisimama pale kwenye uzio akamsikiliza fundi baiskeli akibweka. Alisimama muda mrefu kiasi cha kuchelewa, na yeye hakuwa mtu wa kuchelewa. Kisha akaniita.

"Mwanangu, wewe ungetoka?"

"Kutoka wapi, mzee?"

"Msituni. Ukiitwa hivyo."

Nilicheka, nikasema huyo ni adui, mzee, adui hawezi kuita vizuri. Hakucheka. Akaenda kuadhini, akasali, akarudi. Akaingia uwanjani, akakaa kwenye benchi, akanyoosha mkono kwa kile kipaza sauti. Alikitazama, akamrudishia fundi, akakiomba tena. Ndipo akakishika karibu na mdomo bila kukiwasha, akaanza kusema Kimakonde, polepole, kwa sauti ya chini kuliko hata anavyonong'ona mtu kwenye nyumba yenye mgonjwa.

"Dada yangu. Dada yangu, mvua ya jana imekukutia wapi? Watoto wamelala wameshiba? Najua hawakushiba. Huku uji umeiva. Mimi ni mtoto wa nyumbani, sina cha kukudanganya. Chukua bakuli lako, washike watoto mkono, njoo nikupakulie."

Msichana aliyecheza mke wa mpiganaji alipiga hatua moja mbele. Aligundua mwenyewe, akaziba uso kwa khanga, na hakuna aliyemcheka. Nilimjua mtu wa ndegeni pale pale, kama ninavyowajua ndugu zangu gizani kwa mwendo. Nilielewa pia kwa nini alikikataa kipaza sauti cha msikiti. Sikusema kitu, na hapa itabidi nieleze kwa nini.

Sisi Wamakonde tuna mapiko. Vijana wakitoka jandoni, anaingia uwanjani mchezaji aliyevaa kichwa cha mti kilichochongwa, amefunikwa nguo mwili mzima asionekane hata kidole. Huyo ndiye lipiko. Vichwa hivyo vinachongwa kwa sura za watu wanaojulikana: karani mkorofi, askari wa kikoloni, mwenye duka anayepunja. Lipiko anatukimbiza wanawake, nasi tunakimbia, tunarudi, tunamtukana, tunamrushia mchanga. Na tangu tukiwa wadogo tunafundishwa kwamba ndani hamna mtu. Tunajua kuwa yupo. Mke anajua miguu ya mumewe, mama anajua mabega ya mwanawe. Lakini kutaja jina la aliye ndani ni aibu isiyosafishika, na mwanamke wa Kimakonde anaweza kuzikwa na majina hayo kifuani. Kwa hiyo mzee yule alipomaliza kusema, mimi nilifanya nililofundishwa. Nilisema asante, mzee, naomba urudi na kesho.

Alirudi kesho, na siku nyingi baada ya hapo. Nilifuta chongo, nikafuta koti na kicheko. Kila nilichokuwa nakijua kuhusu adui kilikwenda na maji, na wala sikusikitika, maana nilichopewa badala yake kilikuwa kizuri mno. Aliniambia nisimwandike adui kama mtu anayewachukia watu, nimwandike kama mtu anayewapikia. Aliniambia kwa nini ndege iliwaita wanawake na si wanaume: mwanamke ndiye aliyekuwa akihangaika kutafuta chakula, na akitoka yeye, watoto wametoka, na mume atafuata mwenyewe. Alisema vile kwa sauti ile ile nzuri. Nilisikia baridi, na papo hapo nilimhusudu. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kifuani mwangu na mpaka leo sijaweza kuyatenganisha.

Sikumuuliza habari zake. Nilimuuliza habari za mtu wangu. "Huyu wa kwenye mchezo," nilisema siku moja tumebaki wawili tunakunja maturubai, "alikuwa mtu wa namna gani?"

Alikunja kwanza pembe yake ya turubai. "Alikuwa kijana. Karani wa duka, anajua kusoma. Walimkamata, wakampiga, wakamwambia achague ndege au shimo. Akachagua ndege."

"Kwa hiyo alilazimishwa."

"Mara ya kwanza. Ya pili pia." Akanitazama usoni. "Baadaye alipenda. Hilo usiache kuandika. Alipenda kuisikia sauti yake inavyokwenda mbali, na watu wanavyotoka. Hakuna aliyempiga tena, na bado alipanda ndege."

Nimesoma na kusikiliza hadithi nyingi za majasusi tangu wakati ule, na bado sijakutana na mwandishi aliyepewa adui wake mkononi namna hiyo, bila kisingizio hata kimoja. Mtu mwingine angeishia kwenye kipigo. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa yeye, ningeishia kwenye kipigo.

Siku ya kwenda Kilambo ilipokaribia, tatizo likajitokeza ambalo tulilijua wote ila hatukutaka kulisema. Kimakonde cha fundi baiskeli kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa, basi. Mjini aliweza kucheza kwa Kiswahili, lakini kijiji kile kilijaa watu waliovuka mto wakati wa vita, na sauti ya ndegeni kwa Kiswahili wangeicheka. Tulikaa tukikuna vichwa. Mzee akasema kutoka kwenye benchi lake, "Nitakwenda mimi. Nitasimama nyuma ya turubai."

Nilimfuata mpaka nje ya uzio. "Mzee," nilimwambia, "kule kuna watu wazima."

"Najua."

"Watu wazima wana masikio."

"Najua, mwanangu."

Na mimi nilijua. Katika kamati ya msikiti walikuwamo watu waliofiwa na ndugu kwenye vita vile. Neno moja likitoka Kilambo likafika Magomeni, mzee asingeadhini tena hata mara moja, na chumba kingekwenda na adhana. Umri wake ule angekwenda wapi? Nilitamani kumkataza. Lakini alikwenda.

Tulicheza mchana, baada ya mapiko kutoka uwanjani. Vumbi lilikuwa bado halijatua na wanawake walikuwa bado wanahema. Turubai tuliling'iniza kati ya mikorosho miwili, mzee nyuma yake na kipaza sauti. Safari hii alikiwasha. Wenzangu walikaa mbele wakijifanya wamejificha msituni, na sauti ikatoka.

Watoto waliendelea kupiga kelele. Wakubwa walinyamaza, wa mbele kwanza, halafu wa nyuma yao. Mzee mmoja aliinua macho akatazama juu, angani, akatafuta. Nilimwona. Sauti iliuliza habari za mvua, ikauliza habari za watoto, ikasema uji umeiva.

"Uji gani?"

Aliyesema ni mwanamke wa rika la mama yangu, mwenye kovu la ndonya juu ya mdomo, pale wanawake wa zamani walipochomeka kipande cha mti cha urembo, amesimama katikati ya wenzake. "Uji gani, wewe? Dada yangu alikuja na bakuli!"

Sauti iliendelea. Ilibidi iendelee, ndivyo nilivyoandika. Yule mwanamke akapiga hatua mbele, akachota mchanga, akautupa kwenye turubai. Akafuatwa na mwingine, kisha wakawa wengi, wanakwenda mbele na kurudi nyuma, wanaimba matusi, wanapiga vigelegele vya kejeli, wanatupa mchanga. Ile ndege ya vita hawakuweza kuijibu wakati ule. Ilipita juu, ikasema ilichotaka, ikaenda zake. Sasa waliijibu. Nami nilikuwa nimesimama pembeni nikimfuatisha kwenye karatasi zangu, na mzee hakuacha hata sentensi moja. Alisema yote mpaka mwisho, mchanga ukilia kwenye turubai, na sauti haikupanda wala kushuka.

Alipomaliza, wanaume wa jando walikuja haraka. Nilidhani wanakwenda kumtoa wampige. Badala yake walilikata turubai kwenye mikorosho, wakamfunika nalo kichwa mpaka miguu, wakamzunguka na kumwongoza kwenda vichakani, vile vile wanavyomtoa lipiko. Hakuna mwanamke aliyegeuka kutazama. Nasi tukamchukulia huko huko vichakani, tukarudi mjini, na ndani ya gari mtu yeyote aliyefungua mdomo aliongelea bei ya korosho.

Basi ningeweza kuishia hapa, na hadithi ingekuwa nzuri ya kutosha. Kijiji kizima kilijua na hakuna aliyesema. Wiki zilipita, adhana iliendelea, mzee alipita kwenye uzio, nami nilianza kulala vizuri.

Ila mwanamke wa kovu la ndonya alikuja Mtwara. Alifika kwangu alasiri moja, akasema anamtafuta mwenye mchezo. Nilimkaribisha, hakukaa. Alikuwa ameshasikia adhana ya alasiri akiwa njiani, na sauti aliijua. Aliniomba nimsindikize msikitini, nami sikuwa na namna ya kumkatalia mtu mzima.

Mzee alikuwa amekaa kwenye baraza ya msikiti na imamu pamoja na wawili wa kamati. Kamati ilikuja kumwondolea adhana kabla ya Ijumaa iliyofuata, na chumba akakihama, akaenda kuishi Rahaleo nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli, ambako watu kadhaa hawakumsalimu mpaka alipokufa. Nayasema haya kabla sijafika mwisho, kwa sababu nataka ijulikane kwamba aliyajua yote pale barazani, kabla hajafungua mdomo. Maadui wangu wote wa tangu siku hiyo wana sauti yake, na wasomaji huniambia wanawapenda kuliko watu wangu wema. Sijawahi kushangaa.

Mwanamke alitoa salamu kwa wote. Kisha akanigeukia mimi na kumpa mzee ubavu, kama inavyotakiwa.

"Nwanangu," alisema kwa lafudhi ya Kimakonde, "wewe ndiye mwenye nchezo. Naomba uniulizie yule aliyekuwa ndani. Dada yangu alitoka nsituni na watoto wake wawili, kashika bakuli la nti. Mimi na mama tulikuwa tumeshavuka nto. Hatukumwona tena. Kaburi siulizi. Naulizia uji. Aliupata?"

Imamu aliacha kuvuta tasbihi. Jibu nilikuwa nalo tayari, jibu safi la kwetu: nitamuuliza, mama, rudi siku nyingine. Desturi ilimwekea mzee mlango wazi kabisa, na mwanamke ndiye aliyekuwa ameushika usifungwe. Nilifungua mdomo.

Mzee alisimama. Alivua kofia.

"Aliyekuwa ndani ni mimi," alisema, na lafudhi ya ng'ambo ikamrudia. "Kule ndegeni pia ni mimi. Waliotoka nsituni kwa sauti yangu niliwapokea mwenyewe."

Mmoja wa kamati alisema, "Wewe!"

"Uso wake siukumbuki, dada. Sitakudanganya tena. Lakini siku waliyotoka, uji ulikuwepo, na aliyeshika kata ya kupakulia nilikuwa mimi. Hakuna bakuli lililopita mbele yangu likabaki tupu. Kesho yake walipelekwa kwenye kijiji cha seng'enge cha Wareno, na huko sikuwaona."

Mwanamke sasa alimgeukia, akamtazama usoni. "Uji wa nini?"

"Wa ntama."

"Ulikuwa na chumvi?"

"Haukuwa nayo."

"Wa moto?"

"Wa moto, dada."

"Basi siku ile alikula," alisema. Akakaa chini pale pale kwenye mchanga mbele ya baraza, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake matangani, akaanza kumlilia dada yake.